Sauti Ikiwa Bado ni Umeme

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu sikiliza hii kelele, kisha uniambie pesa yangu imekwenda wapi."

Gari lilikuwa Toyota IST ya rangi ya fedha, na mwenyewe ni mwalimu wa sekondari aliyebakiza miaka miwili astaafu. Alikuwa amefungiwa redio mpya ya skrini, spika nne za milangoni na amplifaya ya chaneli nne chini ya kiti cha abiria. Alipowasha, kabla hata wimbo haujaanza, spika zilitoa mchakacho mwembamba, shaaa, kama mvua inayokuja kwa mbali juu ya mabati. Wimbo ulipoanza akapandisha sauti: tano, saba, tisa. Redio ile inahesabu mpaka 40, lakini ilipofika tisa tu mwimbaji akaanza kukwaruza, na ngoma ikawa kama mtu anayepiga debe lililopasuka.

"Nikipita hapo," alisema, "kichwa kinaniuma."

Nilifungua, nikakagua kiungo kimoja kimoja. Spika zilikuwa nzima. Amplifaya ilikuwa nzima. Redio ilikuwa nzima, tena nzuri. Nyaya zimeunganishwa kwa risasi na kufungwa tepu vizuri. Aliyezifunga ana mkono safi. Kilichokosewa hakionekani kwa macho. Ni kimo cha ishara inayotoka kifaa kimoja kwenda kingine. Redio ilikuwa inatoa ishara kubwa, na amplifaya ilikuwa imeandaliwa kupokea ishara ndogo sana. Hakuna kingine.

Sura hii nimeiandika kwa ajili ya magari ya namna hiyo, na ni mengi. Watu hubadilisha redio ya kiwandani kwa sababu nzuri kabisa. Gari lililotumika Japani linakuja na redio iliyotengenezwa kwa masafa ya FM ya kule, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa 76 hadi 90 MHz, wakati stesheni zetu zinakwenda hadi 108. Mwenye gari anaambulia stesheni mbili tatu, skrini inamwandikia Kijapani, anafungiwa kile kidude cha kushusha masafa kwenye waya wa antena, anakichoka, mwishowe ananunua redio nyingine. Akishanunua redio anatamani spika. Akinunua spika anaambiwa hazitapiga vizuri bila amplifaya. Kila hatua ina sababu yake, lakini kila kifaa kinachoongezwa ni mlango mpya ambao ishara sharti ipite, na mlango wa kila kifaa una kimo chake. Ishara ikiwa ndefu kuliko mlango, inakatwa kichwa. Ikiwa fupi mno, inapita pamoja na takataka zote za njiani.

Sauti ikiwa bado ndani ya waya si sauti. Ni volti zinazopanda juu ya sifuri na kushuka chini yake, kwa mwendo uleule ambao hewa itatikisika baadaye. Besi ya 50 Hz ni volti zinazokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi yake. Kimo ni umbali ambao volti hizo zinafika kutoka sifuri, na hicho ndicho tunachokizungumzia hapa.

Vimo vinatofautiana sana. Maikrofoni hutoa milivolti chache tu. Tundu la hedifoni la simu, sauti ikifunguliwa yote, hutoa kama volti moja au pungufu. Mashine ya sidii ya nyumbani imezoeleka kutoa volti 2. Redio za gari zinazouzwa madukani zina matundu ya RCA kwa nyuma, yale yanayotumia kebo ambazo mtaani tunaziita waya za AV. Redio ya bei nafuu hutoa hapo volti 2, na iliyo bora hutoa 4 au 5. Zote hizi nitaziita ishara ndogo. Zina volti, lakini hazina nguvu ya kusukuma koni ya spika. Kazi yake ni kupeleka habari kwa amplifaya.

Halafu kuna ishara ya spika. Hii imeshapita kwenye amplifaya ndogo iliyo ndani ya redio yenyewe, nayo hutoka kwa nyaya nane, jozi moja kwa kila spika. Hufika volti 9 hivi na kubeba ampea mbili na zaidi. Hii ina nguvu. Redio ya kiwandani ya magari mengi ya kawaida haina kitu kingine cha kukupa isipokuwa hii.

Kabla sijaendelea, niseme neno juu ya ile "50W x 4" iliyochapwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, kwa sababu inawapotosha watu wenye akili timamu na si kosa lao. Chukua kalamu. Gari likiwa linaunguruma, alteneta huweka umeme kwenye volti 14.4 hivi, na amplifaya iliyo ndani ya redio haina njia ya kutengeneza volti zaidi ya hizo. Wimbi laini la muziki likipanda mpaka 14.4 na kushuka mpaka 14.4 upande wa pili, thamani yake ya kazi, ambayo mafundi tunaiita RMS na ndiyo mita inayosoma, ni 14.4 gawanya kwa 1.414. Unapata volti 10.2. Zidisha 10.2 kwa 10.2, gawanya kwa omu 4 za spika: wati 26. Hapo tumejifanya hakuna kinachopotea njiani. Kwa kuwa kinapotea, wati za kweli kwa kila spika, sauti ikiwa bado safi, ni 18 hadi 22.

Basi 50 zimetoka wapi? Zidisha 14.4 kwa 14.4, unapata 207. Gawanya kwa 4: karibu 52. Hiyo ni nguvu ya wimbi lililokatwa kichwa na miguu mpaka likawa mraba, yaani redio ikiwa imefunguliwa kupita uwezo wake na spika zinalia. Kwa hesabu ya umeme namba ile ni ya kweli. Kwa muziki haina maana, na ningependa sana ingefutwa kwenye maboksi.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha amplifaya ya pembeni inaleta nini. Ndani yake kuna kigeuzi kinachochukua volti 12 za betri na kuzipandisha. Ili itoe wati 75 safi kwenye omu 4, inahitaji volti 17.3 za RMS, ambazo kilele chake ni 24.5. Redio haiwezi kufika huko hata ukiibembeleza. Lakini usitarajie kelele mara nne. Kutoka wati 20 hadi 75 ni ongezeko la desibeli 5.7, na sikio letu linahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi, ili liseme sauti imekuwa mara mbili. Unachonunua hasa ni nafasi: ngoma inapopigwa ghafla, volti zina pa kupanda bila kugonga dari. Mtu akishasikia tofauti hiyo kwenye rekodi nzuri, harudi nyuma.

Sasa nieleze kosa nililolifanya mwenyewe nilipokuwa naanza kazi, maana bado naliona likifanyika. Mzee mmoja alinipa gari lake niongeze amplifaya na sabufa, akasisitiza redio ya kiwandani ibaki palepale. Haikuwa na matundu ya RCA. Nikachukua waya wa AV, nikaukata, nikachuna ncha. Chanya ya spika nikaiunga kwenye uzi wa kati, hasi nikaiunga kwenye nyuzi za nje zinazouzunguka, nikachomeka kwenye amplifaya. Niliamini waya ni waya. Redio ikapiga sekunde chache, ikanyamaza, na harufu ya plastiki ya moto ikatoka kwenye dashibodi. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi ananitazama. Nilimnunulia redio nyingine kwa mshahara wangu wa miezi miwili, naye akaniambia, "Mwanangu, siku nyingine uliza kwanza." Sikuwa na wa kumuuliza.

Jibu ambalo ningepewa ni hili. Katika redio za gari za miaka mingi sasa, nyaya zote mbili za spika ziko hai. Hakuna iliyo ethi. Kila moja imekaa kwenye nusu ya umeme wa betri, volti 6 au 7 ukipima dhidi ya bodi ya gari, na moja inapopanda, mwenzake anashuka. Spika inasikia tofauti kati yao, na ndivyo inavyopata volti nyingi kutoka kwenye betri ya 12. Zile nyuzi za nje za kebo ya RCA, kwenye amplifaya nyingi, zinaishia kwenye bodi moja kwa moja au kwa kupitia kipingamizi kidogo. Mimi nilichukua mguu ulio hai nikaufunga kwenye bodi. Chipu nyingi zina kinga, hunyamaza zikasubiri shida ipite. Ile haikuamka tena.

Kujikinga na hilo hakuhitaji zaidi ya mita ya bei nafuu. Weka mita kwenye DC, ncha nyeusi kwenye chuma kitupu cha bodi, nyekundu kwenye hasi ya spika, redio ikiwa imewashwa. Ikisoma 6 au 7, huo ni mguu hai, usiugusishe na bodi wala usiuunganishe na hasi ya spika nyingine. Tabia ya kukusanya hasi zote nne pamoja ili kupunguza nyaya ni ya magari ya zamani sana, na inaua redio.

Kuna mtego mwingine unaoishi jirani na huo, wa rangi. Redio za madukani zimezoea mpangilio mmoja: njano ni betri ya kudumu, nyekundu ni ya swichi, nyeusi ni ethi. Sasa fungua plagi ya kiwandani ya Toyota, ile ya pini 10 na ndugu yake wa pini 6. Katika Toyota nyingi, nyeusi na njano ni spika ya nyuma kushoto, na nyekundu na nyeupe ni spika ya nyuma kulia. Betri ya kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, swichi ni kijivu, ethi ni kahawia. Anayeunga rangi kwa rangi kwa kuamini macho yake anaipeleka njano ya redio mpya kwenye mguu wa spika. Plagi ya kuunganishia inauzwa, haina bei kubwa, na haikati hata waya mmoja wa gari. Nunua.

Tuseme sasa unataka redio ya kiwandani ibaki. Labda ina kamera ya nyuma, labda vitufe vya usukani vinaitegemea, labda unapenda tu dashibodi ilivyo. Unachohitaji ni kitu cha kushusha ishara ya spika mpaka ifikie kimo cha ishara ndogo, na kuitenga na bodi. Mafundi wanakiita konvata. Zile rahisi kabisa zina vipingamizi viwili kwa kila upande vinavyogawa volti, na hazitengi ethi, sizipendi. Zinazofuata zina transfoma ndogo kama punje ya haragwe, ambazo zinatenga, kwa hiyo mvumo wa alteneta unapungua sana. Udhaifu wake uko kwenye besi: kiini cha chuma kikiwa kidogo, kinashiba mapema, na noti za chini zinatoka zimekondeana. Kama unafunga sabufa na konvata yako inaingia kwenye kiganja na kubakiza nafasi, tarajia hilo. Za gharama zaidi zina umeme wake zenyewe, hushusha kwa usafi, na hutoa hata volti 5 au zaidi kwa amplifaya.

Njia ninayoipendelea ni amplifaya yenye mlango wake wa ishara ya spika. Siku hizi zipo nyingi. Unaleta jozi za spika moja kwa moja, na zile volti 6 au 7 zilizokaa kwenye nyaya zinafanya kazi ya pili: amplifaya inazihisi na kujiwasha yenyewe, hivyo hutafuti waya wa kuiamsha ambao redio ya kiwandani mara nyingi haina. Redio nyingine za kiwandani nazo zina tabia ya kukagua kama spika ipo. Zisipoiona zinanyamazisha chaneli. Hapo unaweka kipingamizi mahali pa spika, redio inatulia.

Lakini kuna jambo ambalo konvata haitibu. Redio ya kiwandani inazijua spika zake. Mhandisi aliyeitengeneza alijua kwamba zile koni za karatasi zitapasuka zikipewa besi kubwa, basi katika magari mengi akaipangia redio ipunguze besi kadiri unavyopandisha sauti. Ukiweka sabufa kubwa kwenye ishara hiyo, itapiga vizuri kwa sauti ya chini, kisha itapotea pale hasa unapoitaka. Watu hulaumu sabufa. Pima: cheza mlio wa 50 Hz, pandisha sauti hatua kwa hatua huku ukisoma volti za AC kwenye nyaya za spika, kisha rudia kwa mlio wa 300 Hz. Kama volti za 300 zinaendelea kupanda na za 50 zimesimama katikati ya njia, umekipata chanzo. Utahitaji kifaa chenye prosesa ya kurudisha besi, au redio nyingine.

Magari yenye mfumo wa jina kubwa yana habari yake. Bose na General Motors walianza kuuza mfumo wa sauti wa kiwandani uliobuniwa kwa ajili ya gari husika katika magari ya mwaka wa modeli 1983, likiwemo Cadillac Seville, na wengine wakafuata: JBL kwenye Toyota, Mark Levinson kwenye Lexus, Bose kwenye Nissan na Mazda. Humo redio ya dashibodi hutoa ishara ndogo kwenda kwenye amplifaya iliyofichwa, na spika mara nyingi ni za omu chini ya 4. Ukifunga redio mpya na kuingiza ishara yake ya spika kwenye amplifaya ile, unaimiminia volti 9 mahali palipozoea mbili au tatu. Itakwaruza tangu mwanzo. Tumia matundu ya RCA. Na tangu BMW 7 Series ya mwaka 2001, kuna magari ya Ulaya ambayo sauti husafiri kama mwanga ndani ya uzi wa plastiki, kwa mfumo uitwao MOST. Hapo hakuna volti ya kupima kabisa. Unanunua moduli ya gari hilohilo au unaliacha lilivyo.

Sasa nije kwenye geini, yaani kiasi ambacho amplifaya inaizidisha ishara, kwa sababu ndiko nilikokuta shida ya mama mwalimu, na ndiko zilikozikwa spika nyingi.

Kitufe chake, kile cha kuzungusha kwa bisibisi kwenye ubavu wa amplifaya, kilichoandikwa 6V upande mmoja na 0.2V upande wa pili, si cha sauti wala si cha nguvu. Ni cha kuzidisha. Amplifaya yetu ya wati 75 inahitaji kutoa volti 17.3. Ikipokea 4 kutoka kwenye redio, inatosha izidishe mara 4.3. Ikipokea 1, izidishe mara 17. Ikipokea 0.2, itabidi izidishe karibu mara 87. Zile volti zilizochapwa pembeni ya kitufe zinasema ni ishara ya kimo gani itakayoifikisha amplifaya mwisho wa uwezo wake. Kukizungusha mpaka 0.2 hakuongezi hata wati moja. Kunaiambia amplifaya: jiandae, anayekuja ni mdogo sana.

Na mchakacho unazidishwa pamoja na wimbo. Tuseme kebo ya RCA imeokota milivolti 2 za uchafu njiani, kutoka kwenye waya mnene wa betri uliolala sambamba nayo. Ishara ikiwa nusu volti, ni kubwa kuliko uchafu ule mara 250, sawa na desibeli 48. Ishara ikiwa volti 4, ni kubwa mara 2,000, desibeli 66. Uchafu ni uleule, waya ni uleule. Kilichobadilika ni kimo cha ishara ilipokuwa inapita pale. Ndiyo maana redio ya volti 4 ina thamani, hata kama kwa masikio tu dukani huwezi kuitofautisha na ya volti 2. Unaipandisha ishara mapema, mahali ambapo bado ni safi, ili baadaye usilazimike kuzidisha.

Kitufe cha gari la mama kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho, 0.2V. Redio yake inatoa volti 4. Kwa hiyo amplifaya ilifika kikomo redio ikiwa imetoa sehemu moja ya ishirini ya uwezo wake, na hapo ndipo ile namba 9 ilipokuwa. Juu ya hapo kila wimbi liligonga dari likatoka limekatwa kichwa. Wimbi lililokatwa lina joto jingi kwa kimo chake, na sehemu ya joto hilo inaangukia kwenye twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, ambazo waya wake ni mwembamba kuliko wote. Nilizishika: bado nzima. Mama ana masikio mazuri, alikuwa akipunguza kila mara.

Nilichomoa spika zote kwenye amplifaya, maana milio ya kupimia haifai kusikilizwa wala kupewa spika. Kwenye redio nikarudisha ekwalaiza sifuri na kuzima kitufe cha kuongeza besi. Kwenye amplifaya nikazima vichujio. Vikiachwa, vitapunguza mlio, nawe utaongeza geini kufidia kitu ambacho hakijapungua. Mlio niliutia kwenye flashi, si kwa Bluetooth ya simu, kwa sababu simu nayo ina sauti yake, na hapo unakuwa na vitufe viwili vya sauti badala ya kimoja. (Anayesikiliza kwa Bluetooth aipandishe simu mpaka juu, kisha atumie kitufe cha sauti cha redio tu.) Nilichagua 60 Hz. Mita za bei nafuu zimetengenezwa kwa umeme wa nyumbani. Ukizipa 1,000 Hz, nyingine zinasema uongo bila haya.

Kwanza redio. Nina osiloskopu ndogo ya mkononi, na niliiunga kwenye kebo ya RCA. Wimbi lilibaki mviringo mpaka namba 36. Kwenye 37 vilele vikaanza kuwa bapa, kama mlima uliosawazishwa kwa jembe. Nikarudi hadi 34, nikapima: volti 3.6. Asiye na osiloskopu asimame robo tatu ya sauti ya redio, hatapotea mbali.

Kisha swali ambalo ni la mwenye gari zaidi kuliko la fundi: unasikiliza nini? Mama anasikiliza muziki wa dansi wa zamani. Rekodi nyingi za namna hiyo zimekaa chini kuliko singeli ya leo, ambayo imebanwa mpaka juu kabisa. Ukipanga geini kwa mlio wa kiwango kamili, 0 dB, singeli itakuwa salama, lakini dansi itasikika ndogo na nusu ya amplifaya italala. Nikatumia mlio wa 5 dB chini. Ulitoa volti 2 kwenye RCA badala ya 3.6. Nikaweka ncha za mita kwenye matundu ya spika ya amplifaya, nikazungusha geini taratibu kutoka chini mpaka ikasoma 17.3. Kitufe kilisimama karibu na alama ya 2V. Kutoka kuzidisha mara 87 tumefika mara 8.6, na mchakacho unaoingia kabla ya geini umepungua mara kumi, desibeli 20. Nilimweleza mama kwamba akiweka nyimbo za vijana abaki chini ya 30, akaandika kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya kikinga jua, kwa mwandiko wa ubaoni.

Nilipowasha injini palibaki mlio mwembamba uliopanda kila nilipokanyaga mafuta. Huo ni wa alteneta, na geini haiutibu. Ethi ya amplifaya ilikuwa imefungwa kwenye boliti ya kiti, juu ya rangi. Nikakwangua mpaka chuma kikang'aa, nikaufupisha waya ukawa chini ya nusu mita, nikaibana upya. Kebo za RCA nikazihamishia upande wa pili wa gari, mbali na waya wa betri. Kimya.

Mama mwalimu akaingia, akafunga mlango, akaweka wimbo uleule aliouweka mwanzo. Hakukuwa na ile shaaa kabla ya gitaa. Alipandisha sauti mpaka tisa, akatoa kidole kwenye skrini kwa mazoea, akainamisha kichwa kusubiri mkwaruzo. Kisha akaendelea kupandisha.